Usinitilie Sukari

"Ukitaka kumjua muuza samaki wa Darajani, usimsikilize, mtazame." Maneno haya si yangu mimi, ni ya Wanu binti Muhammad, na yeye hana njia nyengine. Alikuwa na miaka mitatu homa ya uti wa mgongo ilipomwachia roho ikamchukulia masikio.

Siku hiyo ilikuwa saa nne asubuhi na soko limefura watu. Wanu alisimama mbele ya meza ya changu, buibui lake limepigwa pasi vizuri, mtandio wa zambarau umezungushwa kichwani, begani mfuko ambamo kofia ya viua iliyoshonwa nusu ilikuwa ikichungulia na sindano yake. Kushona kofia ndiyo kazi iliyomlisha. Alifunua shavu la samaki, akatazama ndani, akatikisa kichwa. Akaandika kitu kwenye simu, akamwonesha muuzaji. Muuzaji hata hakusoma. Alimgeukia jirani yake.

"Bubu huyu. Mtilie wale wa jana, atajua nini."

Nyuma ya Wanu alikuwa amesimama kijana mmoja mrefu, shati jeupe la ofisini, jina lake Haitham, mkata tiketi za boti pale bandarini. Neno lile lilimchoma. Mama yake mzazi, Bi Thuwaiba, ni kiziwi pia, na Haitham alijua kusema kwa mikono kabla hajajua kusema kwa mdomo. Basi akampungia yule dada mkono mbele ya macho, wakaanza kuzungumza kwa lugha ya alama. Na mimi mazungumzo yao nitayaandika kama ya mdomo. Mikono ajitilie msomaji mwenyewe.

"Anasema samaki wake ni wa leo, dada."

Wanu alimtazama kuanzia nywele mpaka viatu. Alikuwa na macho makubwa yaliyopakwa wanja, na macho yale hayakuwa na haraka.

"Kasema hivyo?"

"Ndiyo."

"Kaka, neno 'bubu' nnalisoma kwenye mdomo wowote wa kisiwa hiki, hata wenye tambuu ndani. Hebu rudia. Kasema nini?"

"Kasema wewe bubu, utiliwe wa jana."

"Ahaa. Sasa nimejua kuwa unaijua lugha. Na wewe mwambie hivi: samaki wako ni wa jana, na adabu yako ni ya juzi."

Haitham alimgeukia muuzaji, mtu mzima mwenye mvi, rika la baba yake. Akamwambia, "Dada anakushukuru, leo hatonunua."

Wanu hakuuona mdomo wake, maana alikuwa amempa mgongo. Hiyo ilikuwa ya kwanza iliyompita. Lau ingelikuwa ya mwisho, mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Haitham alirudi nyumbani bila ya samaki, lakini na nambari ya simu. Bi Thuwaiba alimtazama usoni mara moja tu, akasema, "Haya. Leo tunakula mchicha."

Mwenye nambari ile asili yake ni Makunduchi, amelelewa Kikwajuni na ami yake, Mzee Ahmada, tangu baba yake alipofariki. Nimeona watu wengi wenye kupigania haki, na wengi wao husimama wakapaza sauti. Wanu alikuwa akikaa. Akipata habari ya nyumba iliyomficha mtoto kiziwi, huenda Jumamosi, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka na kushona kofia yake. Haombi kitu. Akifukuzwa hurudi Jumamosi ya pili. Kuna nyumba moja Makunduchi alikaa Jumamosi tatu, mpaka babu mwenyewe akaona haya akamtoa mjukuu wake wa miaka tisa ambaye hajapata kuiona skuli. Mwalimu mkuu akasema hana wa kumfundisha. Wanu akamwandikia kwenye karatasi: "Jumatatu mwalimu ni mimi." Leo skuli ile ina watoto kumi na mmoja wanaozungumza kwa mikono, na wenzao wanaosikia wamejifunza ili wapate kunong'ona darasani mwalimu asijue.

Haya Haitham aliyaona kwa macho yake, kwani siku zake za mapumziko zote zilikuwa za Wanu. Alimpeleka kwa vespa yake na akawa mkalimani wake. Wanu alikaa nyuma upande upande, mfuko wa kofia katikati yao ndio ukuta wa heshima. Bi Salhiya, mke wa ami, alinuna. Mzee Ahmada akasema kazi ni kazi.

Kwenye vespa hakuna kusemezana, dereva ameshughulika na njia. Lakini Wanu aligundua kioo cha pembeni. Akawa anainua mkono mmoja penye kioo, na Haitham anamsoma humo: pole pole, shimo hilo, nna njaa. Siku moja wakirudi kutoka kusini, mkono ulipanda kwenye kioo ukasema, "Nnakupenda." Haitham nusura amgonge ng'ombe. Alisimamisha vespa kando ya njia, akageuka.

"Umesema nini?"

"Umesoma vizuri. Twende, ng'ombe anatutazama."

Tangu hapo simu zao za video zilikuwa haziishi. Bi Thuwaiba akipita nyuma ya mwanawe na birika la chai, huona uso wa Wanu umejaa kwenye simu, akamsalimia.

"Umekula, laazizi?" huuliza Haitham.

"Nshakula. Mkate wa mofa na mchuzi wa pweza."

"Na mimi hukuniwekea."

"Wewe haluwa. Haluwa hailiwi na pweza."

Viziwi humpa mtu jina la mkono, na hilo ndilo alilompa: vidole vitatu vimebana, vinagusa mdomo. Haluwa.

"Kwa kuwa mimi mtamu?"

"Kwa kuwa unanata."

Kisha likaja jambo la Time.

Time alikuwa rafiki yake Wanu, mkulima wa mwani, kiziwi mwenzake. Alikwenda kujifungua katika hospitali moja ambayo jina lake nnalihifadhi. Mtoto alifariki, na Time akatolewa kizazi. Walipomuuliza kama anaridhia, aliitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia kiziwi yeyote asiyefahamu na asiyetaka kuwaudhi watu. Wakamshika kidole gumba wakakibonyeza kwenye karatasi. Alikuja kujua miaka miwili baadaye, alipokwenda kuuliza kwa nini hashiki mimba.

Wanu alipoambiwa hakulala siku mbili. Aliandika barua tisa, akakusanya saini mpaka milango ya uwanja wa Amani siku ya mechi, na mwisho hospitali ikakubali kikao. Alikwenda na buibui jipya, na Haitham kavaa koti.

Wakubwa watano walikaa nyuma ya meza, mbele yao juisi ya ukwaju. Mkurugenzi alikuwa mzee wa haiba, ndevu nyeupe.

"Shikamoo, mzee," alisema Haitham.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si mtoto wa marehemu Ubwa? Baba yako tukisali naye safu moja."

Haitham akaitikia kuwa ndiye. Na Wanu keshaanza, mikono yake inakata hewa.

"Mlimwibia Time. Mwizi wa kuku anafungwa, nyinyi mnakunywa juisi. Sitaki pole zenu. Nnataka mkalimani wodini mchana na usiku, na mtie saini kabla ya mwezi huu kumalizika. Hamkutia, tutaonana mahakamani."

Wote walimgeukia Haitham. Naye akamtazama yule mzee wa safu moja na baba yake.

"Bi Wanu anasema... amesikitishwa na yaliyotokea, na anaushukuru uongozi kwa kumpokea. Anaomba, panapo uwezekano, suala la mkalimani lifikiriwe."

Mkurugenzi akatabasamu. "Suala zuri sana. Tutalifikiria, inshallah."

"Anasema watalifanyia kazi," alitafsiri Haitham.

Wanu alitoka pale anaruka. Kwake yeye, alikuwa amewaambia wezi kuwa ni wezi, nao wakamtabasamia na kusalimu amri. Alimwambia Time, na Time akampikia mkate wa kumimina.

Wiki mbili baadaye ulikuja muhtasari wa kikao, umepigwa chapa na muhuri juu. Wanu aliusoma akiwa kwa Time. *Bi Wanu aliushukuru uongozi. Bi Wanu aliomba, panapo uwezekano.* Aliusoma mara tatu. Time hajui kusoma, akamvuta mkono, "Wameandika nini?" Ikambidi amwambie neno kwa neno. Time alimtazama, halafu mikono yake ikasema taratibu, "Hata wewe umewashukuru?"

Simu ya video ilimkuta Haitham dirishani mwa tiketi. Alipoona uso wa Wanu, akalifunga dirisha.

"Neno 'mwizi' ulilipeleka wapi?"

"Wanu, mpenzi, nisikilize..."

"Mimi sisikilizi, mimi natazama. Nakutazama. Ulilipeleka wapi?"

"Yule ni mzee. Alimjua baba. Nilitaka wakupende, wasikufungie mlango."

"Nilikuomba wanipende?"

"Hapana."

"Nimesubiri miaka ishirini na tano kusema mbele ya wakubwa. Siku nimesema, ukayala maneno yangu, ukatema yako. Time anadhani nimewashukuru waliomtoa kizazi. Wale wengine hunidhulumu kwa kuwa hawanifahamu. Wewe ulinifahamu."

"Nisamehe, laazizi."

"Haluwa ya kila siku hutia kichefuchefu," alisema Wanu, na kioo kikawa cheusi.

Haitham alipiga mara arubaini. Alipokwenda Kikwajuni, Bi Salhiya alimwambia mwenyewe yuko shamba, na buibui la mwenyewe limeanikwa kwenye kamba. Hakuwa na wa kumlaumu. Siku ya tatu alikaa na mama yake, nyumba yao ya Mkunazini, akamweleza yote. Bi Thuwaiba alikuwa akichambua mchele. Alipomaliza kumtazama, akaweka ungo chini.

"Ulipokuwa na miaka saba, mwenye duka la vitambaa hapo chini alisema nini juu yangu?"

"Alisema una chaguo zuri."

"Mwanangu, nilimwona uso wake. Hakuna anayesifu chaguo la mtu kwa uso ule."

Haitham aliinamisha kichwa. "Ulijua?"

"Kila mara. Nilikuacha kwa kuwa ulikuwa mtoto, na ulinionea huruma. Lakini nimekaa mji huu umri wangu wote sijapata kugombana na mtu hata mmoja, Haitham. Na nilikuwa na ugomvi mwingi." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ugomvi wangu ulikuwa haki yangu. Wewe uliumaliza kila siku kabla sijauanza. Mimi mama, nimesamehe. Yeye si mama yako."

Maneno hayo yalimwingia. Asubuhi yake Haitham aliandika barua kwa hospitali, nakala kwa gazeti, nakala kwa Wanu. Aliandika kila neno alilosema Wanu, na chini yake kila neno alilosema yeye. Akamalizia: "Bi Wanu hakushukuru. Aliyeshukuru ni mimi, bila ya kutumwa." Akatia jina lake kamili, la baba yake na la babu yake. Msikitini mzee wa ndevu nyeupe hakuitikia tena salamu yake, na wako waliosema kijana wa Ubwa kakosa malezi. Alistahamili.

Barua ilipoenea, hospitali ikaitisha kikao cha pili. Wanu alikwenda na Time na mkalimani mwengine, Anuar, mtu wa Pemba asiyejuana na yeyote mezani. Haitham alikaa nje ya geti, juu ya vespa. Kwa dirisha alimwona Wanu mikono inavyokata hewa, na safari hii hakuna aliyetabasamu. Neno 'mwizi' lilitamkwa kwa Kiswahili safi. Saa ya pili, saini zikatiwa: mkalimani wodini, na hakuna kiziwi atakayepasuliwa mpaka aulizwe kwa lugha yake na ajibu kwa lugha yake. Wanu alitoka na Time wameshikana mikono. Alimwona Haitham getini. Alisimama kidogo, kisha akapita.

Ulipotimia mwezi wa nne tangu wagombane, ukaja ujumbe mmoja tu kwenye simu: "Barua yako nimeisoma. Mengine hayajibiwi kwa simu. Mwanamme hupeleka wazee."

Haitham aliusoma mpaka ukafutika machoni. Hakujua anaitwa kuoa au anaitwa kuadhiriwa. Akapeleka wazee.

Ilikuwa Ijumaa baada ya laasiri. Mjomba wake Haitham, Shaame, na wazee wawili walipanda kwa Mzee Ahmada, kanzu zimepigwa pasi, udi unafukizwa, sinia la kashata katikati. Mwenye kuposa hukaa mbali, ndiyo ada, na Haitham alikaa ng'ambo ya njia kwa muuza kahawa, kikombe cha nne. Mama yake yuko Mkunazini, simu mkononi.

Barua ya posa ikasomwa. Mzee Ahmada akamwita Wanu, naye akaja akakaa karibu na Bi Salhiya, dera la kijani, asumini nyweleni chini ya mtandio. Mzee alimuuliza kwa mdomo, akitamka kwa nguvu kama afanyavyo siku zote, "Mwanangu, umeridhia?"

Wanu alimtazama tu.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Ahmada. "Mwari akinyamaza karidhia. Na huyu wetu kanyamaza tangu ana miaka mitatu. Tusome fatiha."

Mikono ya wazee ilikuwa imekwishainuka. Wanu akachukua vikombe viwili vya kahawa akavigonganisha mara tatu, mpaka kimoja kikapasuka. Kisha akaashiria dirishani, ng'ambo ya njia.

"Anataka mkalimani," alisema Bi Salhiya. "Anuar yuko Pemba. Mpeni karatasi aandike."

Wanu aliipokea karatasi. Akaandika: "Nimeandika miaka ishirini katika nyumba hii. Leo nnasema."

"Bwana kuingia katika posa yake mwenyewe?" alisema Mjomba Shaame. "Tangu lini?"

Mzee Ahmada aliikunja karatasi ile, akaitia mfukoni. "Tangu leo, inavyoonekana."

Haitham akaingia, akakaa mbele ya wazee wote. Wanu akamwambia kwa mikono, "Kazi ni ile ile. Safari hii usinitilie sukari."

"Naam."

Akaanza, na Haitham akatamka neno kwa neno.

"Mimi Wanu binti Muhammad. Mwanamme huyu aliyekaa hapa alinidhulumu. Alinila maneno yangu mbele ya watu, kwa kuwa aliogopa uso wa mzee mmoja kuliko alivyoogopa wangu."

"Astaghfirullah," alisema Mjomba Shaame. "Mwanangu, fupisha."

"Siwezi, mjomba." Akaendelea. "Nimemkasirikia miezi minne. Nimemtukana kwa mikono yote miwili, na mengine siyasemi hapa kwa heshima ya kashata. Ni mwoga. Vespa yake haina breki. Akipiga chafya nyumba nzima hutikisika, hata mimi naijua."

Bi Salhiya alijifunika mtandio mdomoni, mabega yanatikisika.

"Lakini," alisema Haitham, na hapo sauti ikapungua, "alipojua kosa lake hakulificha. Aliliandika akatia jina la babu yake. Watu wengi wamenikosea, wa kuandika sijamwona mwengine. Kofia niliyokuwa nikimshonea nimeimaliza jana. Nnampenda."

Wanu alimngoja, kidole kimemwelekea: endelea. Haitham akafuta uso kwa mkono wa kanzu.

"Ninalo sharti moja. Jawabu langu asilijibu mtu mwengine. Si ami, si mume, si kadhi. Siku ya nikaha, kadhi aitazame mikono yangu. Sasa niulizeni."

Mzee Ahmada alijiinamia, anazungusha tasbihi. Kisha akamgeukia Haitham. "Hilo neno la kuridhia, linafanywaje?"

Haitham akamwonesha. Mzee aliinua mikono yake, mikono ya mtu aliyelima mihogo na kumlea mtoto asiyekuwa wake bila ya kupata kumuuliza kitu kwa lugha yake. Alikosea. Akarudia. Mara ya tatu ikafahamika.

*Umeridhia?*

Wanu, ambaye hakulia hospitalini wala kwenye simu, alilia pale. Alilia mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Kisha akaweka kiganja kifuani, akamjibu ami yake, na akalimaliza jawabu kwa vidole vitatu mdomoni.

Haitham alifungua kinywa atafsiri.

"Nyamaza," alisema Mzee Ahmada. "Nimefahamu."

Fatiha ikasomwa. Hawajamaliza kupangusa nyuso, simu ya Haitham ikatikisika mfukoni. Ni Bi Thuwaiba, uso umejaa kioo, mikono haitulii.

"Kasemaje?"

"Karidhia, mama."

Bi Thuwaiba alimkazia macho. "Karidhia kweli, au ushamtilia sukari?"

Haitham aliigeuza simu, akaisimamisha juu ya sinia la kashata, imemwelekea Wanu, akamwambia mama yake, "Muulize mwenyewe." Kisha akasogea pembeni, akachukua kikombe cha kahawa iliyokwishapoa, na akawaacha wanawake wawili waseme.